Kazi imepatikana, sasa eleza ulikuwa wapi

Simu ilikuja Jumatatu tarehe 18 Machi 2024, Ramadhani ina wiki moja hivi, na mimi niko uani kwa shangazi Likoni nakanda unga wa mahamri ya kuuza magharibi, mikono imejaa unga mpaka viwikoni, nikapokea kwa kidole cha mwisho. Mwanamke akajitambulisha, anapiga kutoka ile ofisi ya mawakala wa forodha karibu na bandari nilikofanya intavyu Februari, akasema nimepita, kazi ya mapokezi pamoja na makaratasi ya ofisini, mshahara shilingi 42,000, na naweza kuanza Jumanne tarehe 2 Aprili manake Jumatatu yake ni sikukuu ya Pasaka. Nikasema ndio, ndio, ahsante, ndio. Simu ilipokatika nikakaa chini pale pale sakafuni nikalia mpaka shangazi akatoka jikoni mbio, "Kuna nini mwanangu, nani kafa?"

Hakuna aliyekufa. Ni miaka minne kasoro siku chache tangu nilipokuwa na kazi mara ya mwisho. Nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja Diani, na mnakumbuka vile mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020, basi wageni wakaanza kuondoka kwa makundi, na kabla mwezi haujaisha sisi wafanyakazi tulikuwa tumesimama nje ya lango na mabegi yetu tunaambiwa tutapigiwa. Sikupigiwa. Nikarudi Likoni kwa shangazi, nikawa namsaidia biashara yake ya mahamri, mshahara sina, ila chakula na pa kulala napata, na Mungu amlipe kwa hilo manake si kila mtu ana shangazi kama huyo.

Sasa, nataka kuandika kuhusu yale yaliyotokea baada ya simu, kati ya tarehe 18 na siku ya kuanza, kwa sababu najua kuna watu wengi wako pale nilipokuwa mimi, hawana kazi, na wanadhani mambo ya kodi hayawahusu mpaka wapate mshahara. Mimi pia nilidhani hivyo, na ilinigharimu usingizi.

Jioni ile ikaja imeili ya HR. Barua ya kazi, hongera, halafu orodha ya vitu vya kuleta kabla ya Alhamisi tarehe 28: nakala ya kitambulisho, cheti cha PIN, ile namba ya mlipa kodi inayotolewa na KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, namba ya NSSF ya akiba ya uzeeni, namba ya NHIF ya bima ya afya (wakati huo bado ilikuwa NHIF), akaunti ya benki, cheti cha tabia njema, na cheti cha kuonyesha kwamba umetimiza mambo ya kodi, kile watu wanaita TCC. Nilisoma orodha nikitabasamu mpaka nikafika hapo mwisho. PIN ninayo tangu 2016, nilipoanza kazi hotelini. Lakini ritani, ile taarifa ya mapato unayoipelekea KRA kila mwaka? Mara ya mwisho ritani yangu kwenda ilikuwa Februari 2020, na si mimi niliyeituma, ni mhasibu wa hoteli, alikuwa na kawaida akishatupa fomu zetu za P9, zile za mshahara na kodi ya mwaka mzima, anatuita mmoja mmoja ofisini kwake anatufailia pale pale, ana daftari lake kaandika paswadi za kila mtu. Mimi nilikuwa naingia, nakaa dakika tano, natoka. Nilidhani hiyo ndiyo kodi.

Niseme ukweli kwa nini sikufaili miaka yote ile. Si kwamba sikujua kabisa. Kila Juni ikifika redioni wanatangaza, mwisho tarehe 30, hata kama huna kipato faili, na kila Juni mimi nilikuwa nazima redio. Ilinichoma. Kazi sina, nimetuma barua mpaka zimechosha, halafu nikae chini niambie serikali kwa maandishi kwamba mwaka mzima sikupata hata senti? Nilikuwa naona kama naulizwa na mtu mbele za watu, wewe unafanya nini siku hizi. Unajua vile swali hilo linauma kwenye harusi. Basi nikawa naliahirisha, na mwaka mmoja ukizaa mwingine aibu inaongezeka, sasa hata ukitaka kufaili wa mwaka huu unajua kuna wa jana na wa juzi wamekaa nyuma wanakungoja.

Usiku ule baada ya tarawehe nikachukua simu nikafungua iTax, mtandao wa KRA wa kufaili. Wanakuuliza PIN, sawa, ninayo kwenye karatasi. Halafu paswadi na ile hesabu ndogo ya kujumlisha wanayokuwekea kuhakikisha wewe ni mtu. Hesabu nikapata, paswadi sina. Nikabonyeza nimesahau paswadi, wakaniambia imetumwa kwenye imeili iliyosajiliwa, na wakaonyesha herufi chache za mwanzo za hiyo imeili. Haikuwa yangu. Nikatazama muda mrefu mpaka nikakumbuka: 2016, saiba moja pale Ukunda, kijana alinifungulia PIN kwa haraka, imeili sikuwa nayo akaweka ya saiba. Saiba yenyewe ilishafungwa zamani, pale sasa panauzwa madira. Kwa hivyo mlango wa kodi yangu ulikuwa na ufunguo, na ufunguo uko ndani ya imeili ya duka ambalo halipo tena.

Hili jambo la imeili naomba mtu asilipite haraka. Muulize mdogo wako, muulize mtoto aliyemaliza shule juzi akafunguliwa PIN saibani ili aombe mkopo ama kazi, imeili iliyowekwa ni ya nani? Ukikuta si yake, anza na hiyo kabla ya kitu kingine chochote, siku ambayo hana haraka.

Asubuhi nikapanda feri saa moja kasoro, nikafika Huduma Centre, ile ofisi ya huduma za serikali, pale Posta, Digo Road, nikakuta foleni ishatoka nje. Watu wamefunga, jua la Mombasa la Machi mnalijua, kila mtu kimya anashika ukuta. Nilifika kwenye dirisha la KRA saa tano na nusu. Dada aliyekuwa pale, nami simjui jina mpaka leo, alinitendea wema ambao sikuutarajia. Nilimpa kitambulisho, nikamwambia nataka kubadilisha imeili, akauliza maswali mawili matatu kuhakikisha ni mimi, akabadilisha. Halafu akatazama skrini yake akanyamaza kidogo, akaniambia kwa sauti ya chini watu wa nyuma wasisikie, "Dada, hujafaili tangu mwaka 2020."

Nikamwambia sikuwa na kazi.

Akasema, "Najua. Wengi tu wako hivyo. Lakini mfumo haujui kwamba huna kazi mpaka uuambie."

Hilo neno nimelibeba. Nilikuwa nimekaa miaka minne nikidhani nimejificha, kumbe kwenye mfumo nilikuwa naonekana vizuri kabisa, mtu mwenye PIN hai ambaye hajibu. PIN ukishakuwa nayo na ukasajiliwa kama mtu binafsi mkaazi, kila mwaka unatakiwa kutoa ritani ya mwaka uliopita kati ya Januari na tarehe 30 Juni, uwe na mshahara ama huna. Mwenye mshahara anafaili na P9 yake. Asiye na kipato chochote anafaili ile ya sifuri, wanaiita nil. Ukichelewa faini ya mtu binafsi ni shilingi 2,000 ama asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, kile kilicho kikubwa, na hiyo ni kwa kila ritani. Kwa hivyo mtu asiye na shilingi, anayekula kwa shangazi, anaweza kuwa anajengewa deni la elfu mbili kila mwaka akiwa amelala.

Mimi hesabu yangu ilikuwa hivi: ritani ya mwaka 2020, ya 2021 na ya 2022 zimepita tarehe. Ya 2023 ilikuwa bado haijachelewa manake mwisho wake ni Juni 2024. Kwa hivyo tatu, faini 6,000. Mfukoni nilikuwa na 700 na nauli.

Nadhani sura yangu ilionyesha, manake yule dada akaniambia kuna msamaha. Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuwa imeweka kwamba faini na riba za vipindi vya mpaka tarehe 31 Desemba 2022 zinasamehewa, ikiwa kodi yenyewe imelipwa, na dirisha hilo lilifunguliwa Septemba 2023 likawa linafungwa tarehe 30 Juni 2024. Mimi kodi yenyewe sikuwa nadaiwa, nilikuwa nadaiwa karatasi tu. Akasema nikafaili ritani zote tatu kwanza, na faini zikishaingia kwenye leja, yaani hesabu yangu ya kodi kwao, zitaondolewa, halafu ndio niombe TCC, manake ukiomba kabla hujafaili wanakukatalia. Nikamshukuru mpaka akacheka. Nilitoka pale nikiwa na paswadi mpya na nimebakisha siku tisa.

Nikaenda saiba moja karibu na feri kwa sababu kwenye simu yangu kufungua zile fomu ilikuwa taabu. Kijana wa pale ni mwepesi kweli, kaweka PIN, kaingia, akaniambia, "Madam, hizi zote tunapiga sifuri, dakika kumi umemaliza, mia mbili mwaka." Na mkono wake ulishafika. Nikamwambia ngoja.

Kwa sababu mwaka 2020 haukuwa sifuri. Nilifanya kazi Januari, nikafanya Februari, na Machi nikalipwa nusu. Nilikatwa kodi ya mshahara, ile PAYE, miezi yote hiyo, na hoteli iliandika PIN yangu kwenye orodha yake ya kila mwezi inayopelekwa KRA kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mimi nikiandika sifuri na mwajiri ameandika kwamba alinilipa, nitakuwa nimesema uongo kwenye hati ya serikali, na maelezo mawili yasiyolingana ya mwaka mmoja yanakaa pale yanasubiri siku yake. Kijana akasema watu wengi wanafanya tu. Najua wanafanya. Wengine hata hawajui, wamepoteza kazi katikati ya mwaka, Juni inayofuata hawana kitu, wanabonyeza sifuri kwa sababu leo hawana kitu, wanasahau ritani haiulizi leo uko vipi, inauliza mwaka ule ulikuwa vipi. Kama ulishafanya hivyo, kuna njia ya kurekebisha ritani ndani ya iTax yenyewe, ifanye ukiwa bado hujaulizwa.

Basi nikahitaji P9 ya mwaka 2020, kutoka hoteli ambayo haikufunguliwa tena kwa jina lile. Nikamtafuta yule mhasibu wa zamani. Namba yake haikuwa ikipatikana, nikauliza kwenye kundi letu la WhatsApp la waliokuwa wafanyakazi, kundi ambalo siku hizi ni la rambirambi na Idd Mubarak tu, mtu mmoja akasema yuko Malindi, akanipa namba mpya. Nikampigia nikijua nitaonekana msumbufu, miaka minne hatujaongea. Alinyamaza kidogo halafu akaniambia, "Nilizitengeneza zote Januari 2021 kabla sijakabidhi ofisi. Niliwatumia kwenye zile imeili mlizonipa." Mimi niliyompa ilikuwa ile ile ya saiba ya Ukunda. Lakini alikuwa amehifadhi nakala kwenye diski yake. Saa nne usiku ikaingia kwenye WhatsApp, faili moja, jina langu juu.

Sijui kama mshawahi kuitazama P9 vizuri. Ni jedwali, mistari 12 ya miezi 12, kila mstari una mshahara wa mwezi, makato, nafuu, na kodi iliyokatwa. Yangu ya 2020 ilikuwa na Januari, Februari, Machi, halafu kuanzia Aprili ni sifuri, sifuri, sifuri mpaka Desemba. Mistari tisa. Nilikaa kitandani nikaitazama ile karatasi na nikaona mwaka wangu vile ulivyokatika, manake nilikuwa nakumbuka kama ukungu tu, kufungiwa nyumbani, barakoa, feri inavusha watu wachache wachache, lakini pale palikuwa pameandikwa kwa namba mahali hasa ambapo maisha yalisimama. Na jambo lingine lililonigusa, tarehe 25 Aprili 2020 serikali ilipunguza kodi ya mishahara, nafuu ya kibinafsi ikapanda kutoka 1,408 mpaka 2,400 kwa mwezi, anayelipwa mpaka 24,000 asikatwe kitu. Ilikuwa nafuu ya kweli kwa waliokuwa kazini. Mimi nilikuwa nishatoka mwezi mmoja kabla, pamoja na karibu kila mtu niliyemjua ukanda wote wa hoteli za Diani.

Siku ya pili nikarudi saiba na P9 yangu. Tukafaili 2020 kwa namba zake za kweli, PIN ya mwajiri, jumla ya malipo, kodi iliyokatwa, na mwisho haikuonyesha deni. Halafu 2021 na 2022, zile za sifuri. Hizo nilimwambia kijana anipishe kiti nifanye mwenyewe. Unachagua ritani ya sifuri, unachagua kodi ya mapato ya mkaazi, unaandika tarehe 01/01/2021, mfumo unaweka mwisho wake 31/12/2021, unabonyeza kutuma, wanauliza una uhakika, unasema ndio. Kama dakika mbili. Ndani ya zile tarehe mbili kwangu mimi kuna babu tuliyemzika, kuna wakala aliyetaka elfu themanini anipeleke Doha nikakosa, na kwenye mwaka unaofuata kuna wenzangu wawili wa hotelini walioenda Qatar kwenye kazi za Kombe la Dunia wakawa wananitumia picha. Yote hayo, sifuri. Nilifikiri itaniuma kuliandika. Haikuniuma vile nilivyoogopa, ile risiti ilipojitokeza na jina langu na tarehe nikaona kama mtu aliyepokea barua yangu hatimaye.

Leja ikaonyesha faini tatu za 2,000 kama nilivyoambiwa, na baada ya siku chache nilipoingia tena zilikuwa zimeondolewa. TCC nikaiomba kupitia iTax, haina malipo, na ilinifikia kwenye imeili yangu, yangu mimi, tarehe 26. Inadumu miezi 12. Nikaichapisha nakala tatu hata sijui kwa nini tatu.

Vile vingine vilikuwa vyepesi. NSSF namba ni ile ile maisha yote, usifungue nyingine hata kama umesahau ya zamani, pesa zako za mwanzo ziko kwenye ile. NHIF yangu ilikuwa imelala kwa kutolipiwa, mwajiri akaanza kuilipia mwezi wa kwanza, halafu Oktoba 2024 ikaja SHA kuchukua nafasi yake ikabidi tujisajili upya sote, *147#, familia nzima. Walio na mkopo wa HELB, ule wa serikali wa kusomea chuo, wana mlima wao wenyewe, mimi chuo nililipiwa na baba kwa hivyo sitajifanya naujua, ila rafiki yangu mmoja alipopata kazi alikuta faini za kutolipa zimepita nusu ya mkopo na ilibidi aende kuzungumza nao kabla hata ya kuripoti kazini.

Naomba niseme kitu hapa. Watu wanaotafuta kazi nchi hii wanalipia mambo mengi mno kabla ya kulipwa. Nauli, kuchapisha, vyeti, saiba, siku nzima za foleni. Nilitumia karibu shilingi 3,000 katika zile wiki mbili na nusu yake nilikopa kwa shangazi, pesa za unga. Kama nisingekuwa naye, na kama simu ingekuja baada ya msamaha kufungwa, ningeanza kazi kwa deni ama nisingeanza kabisa. Naona si haki kwamba mtu asiye na kipato atozwe faini sawa kabisa na mwenye mshahara aliyechelewa kwa uzembe. Na bado, manake sheria ndiyo hiyo, dakika mbili za Januari ni bora kuliko kile nilichopitia mimi. Nafanya hivyo kwa ndugu zangu wawili sasa, kila mwanzo wa mwaka nakaa nao, wanaandika wenyewe, natazama tu.

Basi Aprili 2024 ikaisha, nikapata karatasi yangu ya mshahara ya kwanza baada ya miaka minne. Niliipeleka nyumbani nikaisoma na kalamu mkononi, kwa sababu nilijiahidi sitarudi tena kuwa mtu wa kukaa dakika tano na kutoka. Mshahara 42,000. NSSF 2,160. NHIF 1,000. Ushuru wa nyumba 630, asilimia moja na nusu, na sheria yake mpya ilitiwa sahihi tarehe 19 Machi, siku moja baada ya ile simu yangu, kwa hivyo ushuru ule na mimi tuliingia kazini pamoja. Halafu PAYE. Unaondoa NSSF kwanza inabaki 39,840, elfu 24 za mwanzo zinakatwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, zinazobaki asilimia 30, inakuja 6,735 na senti. Kisha nafuu ya kibinafsi 2,400 inatolewa, na nafuu ndogo mbili, 150 ya bima na 94.50 ya nyumba. Kodi ikawa 4,090.85. Mkononi 34,119.15. Nilipiga mara tatu na ikalingana na yao mpaka senti, na shangazi aliyekuwa anakuna nazi pale pembeni akaniuliza mbona nacheka peke yangu.

Baadaye namba zimebadilika, SHA ikaja na asilimia 2.75 yake, mwisho wa Desemba 2024 sheria ikabadilishwa SHA na ushuru wa nyumba vikawa vinatolewa kabla ya kukokotoa kodi na zile nafuu ndogo mbili zikaondoka, Februari 2025 NSSF ikapanda. Mshahara wangu ni ule ule na nilichopata mwezi huo kilikuwa 34,003.15. Kila ikibadilika narudia hesabu. Wenzangu ofisini siku hizi wananiletea zao.

Lakini kulikuwa na sifuri moja imebaki. Juni 2024 ilipofika, wenzangu wakaniambia sasa una kazi, faili na P9, nikawaambia hapana, ritani ya Juni hii ni ya mwaka 2023, na 2023 nilikuwa nauza mahamri ya shangazi. Nilikuwa nangoja siku ya utulivu nikaikosa, manake mnakumbuka Juni ile ilivyokuwa. Vijana barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, Mombasa wamejaa Moi Avenue, tarehe 25 Nairobi watu wakapigwa risasi, tarehe 26 Rais akatangaza hatautia sahihi mswada. Ofisi yetu ilifunga mapema siku mbili. Wengi wa waliokuwa barabarani walikuwa wa rika la mdogo wangu, wana PIN na hawana mishahara, na kila nilipowatazama kwenye simu nilikuwa nafikiria ni wangapi kati yao wana ile foleni ya miaka nyuma yao. Ijumaa tarehe 28 usiku, siku mbili kabla ya mwisho, nikafungua laptopu ya ofisi mezani kwa shangazi, nikaandika 01/01/2023, nikabonyeza kutuma. Nilikaa na ile risiti muda kidogo kabla ya kuifunga.

Mwanzoni mwa 2025 HR akatupa P9 za mwaka 2024. Yangu nikaipeleka nyumbani nikaiweka pembeni ya ile ya 2020 niliyoichapisha nikaitunza. Ile ya zamani ina miezi mitatu ya juu imejazwa na tisa ya chini ni sifuri. Hii mpya, Januari sifuri, Februari sifuri, Machi sifuri, halafu Aprili 42,000, na inashuka hivyo hivyo mpaka Desemba. Nilimwita shangazi aje aone. Hakuvaa miwani, akapitisha kidole kwenye ile mistari polepole kutoka juu akahesabu kwa sauti, na alipofika tisa akaniambia nizihifadhi zote mbili ndani ya ile bahasha ya hati za nyumba, huko mvua haifiki.